Magego Anatafuta Nyumba

Mdogo wangu wa kiume anatengeneza meno ya bandia, na kazini kwake hospitalini wanamwita Magego. Jina hilo halimuudhi hata kidogo. Kinachomtesa ni kuulizwa jambo lenye majibu mawili. Mwulize chai au kahawa, utakunywa yako ikaisha kabla hajajibu. Nasema haya kwa upendo, maana nimembeba mgongoni, lakini mwaka huu nusura anitie wazimu.

Mkewe alifariki mtoto wao akiwa na miaka minne. Mtoto akaletwa kwetu, kwa mama yetu, katika mji ulio mwendo wa nusu siku kutoka anakofanya kazi baba yake. Tunamwita Nukta kwa jinsi alivyozaliwa mdogo, ingawa sasa ana miaka kumi na mmoja na miguu mirefu kunishinda. Kila mwaka Magego alikuwa akisema, "Mwaka ujao nakuja kukuchukua," na mwaka ukifika alikuwa na sababu mpya. Mwaka huu Nukta hakumwuliza lini. Alikwenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu kuomba barua ya uhamisho, akaileta dukani kwangu ninakouza vifungo na zipu, akaiweka juu ya kaunta.

"Shangazi, mpigie baba. Mwambie safari hii asiponichukua, asiniahidi tena."

Hakulia. Afadhali angelia, ningejua la kufanya.

Basi Magego ikambidi atafute nyumba, maana alikuwa akiishi chumba kimoja na mwenzake, dereva wa gari la wagonjwa, na pale mtoto wa kike hawezi kuletwa. Alipata mbili, na hapo ndipo akili yake ilipogawanyika.

Ya kwanza ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la matairi, dakika kumi kwa miguu kutoka karakana yake. Kodi yake ilikula karibu nusu ya mshahara. Vyumba viwili katika mtaa ule vingekula mshahara wote na kuanza kumla yeye mwenyewe. Lakini angefika nyumbani jua bado lipo, angemwona mtoto akifanya kazi za shule, wangekula pamoja. Tatizo ni mama yetu, ambaye alisema neno moja tu na hakulirudia: msichana wa umri ule halali chumba kimoja na baba yake, pazia au si pazia.

Ya pili ilikuwa mwisho kabisa wa njia ya basi, mahali ambapo kondakta mwenyewe hushuka akajinyoosha. Vyumba viwili, jiko, bomba la peke yao, na kodi ndogo kuliko ya kile chumba kimoja. Chumba cha mtoto kilikuwa na dirisha la kufungua pande mbili na msumari mzuri wa kutundikia mkoba. Magego aliniambia habari za msumari ule mara nne. Lakini kutoka kule mpaka kazini kulikuwa na barabara, na barabara ile ndiyo iliyomnyima usingizi. Je, angetoka mtoto hajaamka na kurudi amekwisha lala? Kama ni hivyo, angekuwa anamlipia mtoto chumba ili asimwone.

Alinipigia asubuhi akiwa amechagua karibu. Mchana alikuwa amechagua mbali. Jioni alikuwa anauliza mimi naonaje, na nikimwambia naonaje, anasema, "Lakini Dada..." Alimwuliza kila mtu. Dereva alimwambia achukue ya karibu, na mara tatu kwa wiki Magego mwenyewe awe analala kazini, amwachie mtoto chumba. Mama wa mapokezi alimwambia achukue ya mbali, watoto huzoea. Daktari wa meno, ambaye ana gari, alimwuliza kwa nini asinunue gari. Magego aliyashika yote na kuyachanganya kama plasta, yakagandia kichwani.

Nilikwenda kumtembelea ili nimwone kwa macho. Karakana yake ni chumba chenye meza mbili, taa ya spiriti ya kuyeyushia nta, na rafu zilizojaa vinywa vya plasta vya watu walio hai. Kila kinywa kina jina limeandikwa chini kwa penseli. Nilimkuta anapanga meno ya mbele ya bibi mmoja, jino baada ya jino, kwenye ufizi wa nta nyekundu.

"Unaona, Dada," akasema bila kuinua macho, "sisi hatutengenezi meno ya moja kwa moja. Kwanza tunayapanga kwenye nta, mgonjwa anayavaa, anatafuna hewa, anatamka maneno. Yakimbana, tunayasogeza. Sasa nyumba mtu anaichukuaje bila kuijaribu?"

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nimemwomba mama mwenye nyumba ya mbali anikubalie nikae siku tatu za majaribio."

Mama mwenye nyumba huyo ni mkunga mstaafu, na wakunga hawana subira na watu wanaosita. Alimjibu kwamba katika miaka yake yote ya kazi hajawahi kuona mtu akija duniani kwa majaribio. Akamfungia geti.

Ungedhani yameishia hapo. Humjui Magego. Alikata shauri kwamba kama hawezi kuijaribu nyumba, ataijaribu barabara. Kila siku ya kazi, kwa wiki mbili, aliamka kabla ya jua, akapanda basi la kwanza kwenda kule mwisho, akatembea mpaka kwenye geti la nyumba asiyoishi, akasimama, akatazama saa, kisha akageuka na kuanza safari ya kwenda kazini kana kwamba ndiyo kwanza anatoka kwake. Siku ya tatu mkunga alimwona kwa dirishani akadhani ni mwizi anayechunguza. Alipoelezwa, alimtazama kwa muda, halafu akamletea kiti.

Majibu yalikuwa mazuri ajabu. Dakika arobaini na nane. Arobaini na sita. Hamsini, siku ya mvua. Magego alinipigia akicheka, na sikumbuki mara ya mwisho kumsikia mdogo wangu akicheka kwenye simu. Angetoka saa kumi na mbili na nusu, angerudi kabla giza halijaingia. Alimwambia mkunga angelipa Jumamosi ya wiki inayofuata, na mpaka hapo angeendelea kupima. Nami nikamwambia Nukta aanze kufunga vitu vyake, nikamnunulia na daftari jipya, mjinga mimi.

Jumatatu iliyofuata alitumia saa moja na dakika hamsini. Alifikiri kuna ajali mbele. Jumanne ikawa saa mbili kasoro dakika tano. Bibi wa meno ya mbele alimsubiri kwenye benchi mpaka akaondoka na ufizi wake mtupu. Jumatano alinipigia dukani, sauti imenywea.

"Dada, barabara imebadilika."

"Barabara haibadiliki. Ulianza kupima lini?"

Akanitajia tarehe. Nilikuwa na mteja anasubiri zipu, nikaiweka zipu chini.

"Magego. Shule zilikuwa zimefungwa."

Nilisikia taa yake ya spiriti ikivuma.

"Zilikuwa zimefungwa?" akauliza.

Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza mpaka simu iishe chaji. Mabasi ya shule, wazazi wenye magari, walimu, wote walikuwa nyumbani wiki mbili zile, na yeye akapima barabara tupu akaita barabara. Lakini mtu anayeishi na mtoto anajua shule zimefungwa hata kama hataki kujua. Anaambiwa na kelele za nyumbani, na sufuria inayoisha haraka. Mdogo wangu hakujua kwa sababu nyumba yake haikuwa na wa kumwambia. Hilo liliniuma kuliko kosa lenyewe.

Shule sasa zilikuwa zimefunguliwa, na Nukta alikuwa amekaa kwa bibi yake na barua ya uhamisho, hana shule ya huku wala ya kule. Ijumaa nilifunga duka, nikamchukua na sanduku lake, tukasafiri. Nilijiambia kwamba nitamwamulia Magego kwa nguvu, kama nilivyokuwa nikimwogesha. Ukweli ni kwamba nilipofika nilikuwa sijui kama yeye.

Jumamosi asubuhi tulikwenda watatu juu ya duka la matairi. Nukta alitazama chumba, akatazama mahali ambapo kitanda kimoja kingekaa, akatazama mahali ambapo cha pili kisingekaa. Chini mtu alikuwa akigonga ringi kwa nyundo. Tukashuka, tukapanda basi kwenda mwisho wa njia.

Mkunga alitufungulia, akasimama mlangoni amekunja mikono. Nukta aliingia chumba chenye dirisha, akalifungua upande mmoja, akalifungua na wa pili. Magego akaanza kueleza, na nilitamani anyamaze, maana alikuwa anamweleza mtoto kama anavyomweleza mgonjwa aliyelipia meno yasiyomkaa.

"Hapa una chumba chako. Ila mimi nitatoka hujaamka, nitarudi umelala. Kule nitakuwepo mapema, lakini hakuna pa kulala. Nimepiga hesabu kila namna, mwanangu. Sijui. Kusema kweli, baba yako hajui."

Nukta akamtazama. "Na shule yangu itakuwa wapi?"

"Hapa hapa mtaani. Si mbali, unatembea."

"Kwa nini iwe hapa? Kazini kwako hakuna shule?"

Magego alikuna kichwa. Iko shule nyuma ya hospitali, ukuta kwa ukuta na karakana yake, kengele yake, ambayo mlinzi huigonga hata wakati wa likizo, ndiyo anayoitumia kujua saa ya chai. Katika wiki zote zile, watu wazima wote wale, dereva, mama wa mapokezi, daktari, mimi mwenye mdomo mrefu, hakuna aliyeitaja, kwa sababu sote tulijua kwamba mtoto husoma karibu na nyumbani.

"Iko," akasema. "Lakini utaamka gizani. Ni karibu saa mbili kwenda, Nukta. Na kurudi vilevile. Na ukitoka shule utanisubiri karakana mpaka nimalize."

"Kwa hiyo kila siku ni karibu saa nne kwenye basi."

"Ndiyo," alisema, na aliona haya kabisa, kama vile barabara aliijenga yeye.

"Mimi na wewe?"

"Mimi na wewe."

"Tumekaa tu? Huna kazi nyingine?"

"Kwenye basi nitafanya kazi gani?"

Nukta aligeuka kutazama dirisha lake. Alipozungumza, alizungumza taratibu, kama mtu anayehakikisha hadanganywi na muuzaji.

"Baba, wewe hunipigia Jumapili. Dakika kumi. Nyingine unaongea na bibi."

Mdogo wangu alitoka nje ya chumba. Nilimsikia jikoni akifungua bomba na kulifunga, akifungua na kulifunga, mtu anayekagua maji yanayotoka vizuri tangu mwanzo. Nilikuwa na maneno yangu tayari: mtoto atasinzia darasani, nauli ni mbili, kukinyesha je, mwaka wa mitihani je. Bado ninayo, na bado nadhani mengi yake ni kweli. Sikuyasema.

Mkunga alichoka kusubiri. "Sasa mnachukua au hamchukui?"

Magego alirudi na macho mekundu. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakunitazama mimi kwanza. Alimtazama Nukta, naye Nukta alikuwa amekwisha vua mkoba mgongoni na kuutundika.