Mtoto Aliye Titini Haondolewi

Kanisani kwetu hapa Mildura, Australia, wanasema nina mdomo. Sawa, ninao. Mwenye ulimi wa asali na asimulie yeye habari za Melenaite, tuone kama atafika mwisho bila kutema mate. Mimi nimeishi naye ukuta kwa ukuta tangu alipokuja kutoka Vava'u, visiwani kwetu Tonga, kuolewa na Feleti, binamu wa mume wangu, na yaliyompata niliyaona kwa macho yangu, sikuhadithiwa.

Kwanza mjue ni mtu wa namna gani. Melenaite ni mfupi, mpole, na mcheshi wa chinichini. Katika banda la kufungashia zabibu hakuna anayemfikia. Anapanga vichala kwenye boksi huku akimwigiza msimamizi kwa sauti ya puani, na sisi tunacheka mpaka tunaulizwa kuna nini. Kupogoa mizabibu wakati wa baridi, kuchuma wakati wa joto, kuimba sauti ya pili kwaya, kusuka mikeka ya kupeleka kwenye misiba ya watu, hakuna kazi aliyoikimbia. Alichokosa ni mtoto. Mimba ziliingia na kutoka, akalia, akarudi bandani. Basi moja ilipokubali kukaa, Watonga wote wa mtaa wetu tulianza kutembea kwa kunyata.

Mtoto akazaliwa mwezi wa kumi na moja, wa kike, na kabla mama yake hajapata hata kikombe cha chai, Lesieli alikuwa ameshafika kutoka Melbourne.

Lesieli ni dada mkubwa wa Feleti. Kwetu dada wa mume si wifi wa kutaniana naye. Huyo ni shangazi wa watoto, na shangazi ndiye mkubwa. Arusini anakaa juu, msibani anakaa juu, jina la mtoto linatoka kwake, na akitaka kitu kwa kaka yake hajui neno naomba. Hata sebuleni hawakai pamoja, kwa heshima. Dada akiingia, Feleti anatoka. Lesieli hakujaliwa kuzaa. Ana nyumba kubwa, ana gari, ana mume asiyesema. Alimpokea mtoto mikononi, akampa jina la bibi yao, Toakase, akamtazama sana, kisha akasema taratibu, "Huyu atanifaa."

Kwetu neno hilo lina maana moja. Watoto hulelewa na mashangazi, hulelewa na mabibi, wala si ajabu. Mimi mwenyewe nililelewa na shangazi yangu na sikufa. Lakini kuna mpaka, na kila mtu anaujua: mtoto aliye titini haondolewi. Feleti alimkumbusha mkewe hivyo, akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda anatazama vidole vya miguu yake. Alimwambia mtoto akiwa ananyonya hata dada hawezi kumgusa, kwa hiyo yeye amnyonyeshe tu. Akaona ametoa msaada mkubwa, bwana mkubwa yule. Kumwambia dada yake neno moja la kumkatalia? Ng'o.

Kwa hiyo mambo yote yakawa juu ya titi, na titi likagoma. Toakase alishika chuchu kwa ncha ya midomo, akavuta kidogo, akaachia, akalia, akalala na njaa yake. Chuchu zikapasuka zikatoa damu. Melenaite alikuwa anamweka mtoto huku ameng'ata taulo asisikike, matiti yamejaa yamekuwa magumu, na mtoto anazidi kukonda. Lesieli alikaa kwenye kochi akijipepea kwa kipepeo cha kusukwa. Kila mtoto alipolia alituonea huruma, ile huruma ya paka kwa panya. Alisema maziwa ya wanawake wa kule kwa akina Melenaite huwa mepesi, si aibu, Mungu hakuumba watu sawa, na maziwa ya kopo hayachagui mlezi. Akaweka kopo mezani, halijafunguliwa, na chupa mpya pembeni yake. Tukawa tunakula chakula na lile kopo linatutazama.

Niliyekwenda kliniki kuomba msaada ni mimi. Nesi akaniambia yuko mtaalamu wa kunyonyesha anayekuja mpaka nyumbani. Nilicheka. Najua Wazungu wana mtaalamu wa kila kitu, mpaka wa kukata kucha za mbwa, lakini wa kunyonyesha? Halafu nikafikiri, bibi zetu waliojua kazi hiyo wako wapi? Wako Vava'u. Mama yake Melenaite alikuwa anapiga simu kila siku, analia na kusali, na titi halishikwi kwa simu. Nikamwambia nesi amlete.

Akaja Glenys, mama mwenye mvi na magoti mekundu, mkunga wa zamani. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akaketi mkekani, na kwanza hakugusa kitu. Alitazama tu. Kisha akamwambia Melenaite ajilaze nyuma kidogo kwenye mito, amfungue mtoto zile nguo zote, amlaze tumbo kwa tumbo. Asimsukumie titi mdomoni. Amsubiri apanue kinywa hasa, kama anapiga mwayo, ndipo amsogeze, kidevu kitangulie. Toakase akapanua. Akashika. Tukasikia anameza.

Taulo likamdondoka Melenaite. Alicheka na machozi yanamtoka, akaniita, "Dada, hainiumi. Njoo usikilize, hainiumi." Nilisogea nikasikiliza. Sioni haya kusema nililia. Lesieli kwenye kochi aliendelea kujipepea.

Glenys alirudi mara nyingi. Vidonda vikapona, mtoto akatoka mikunjo mapajani, na Lesieli akaaga akarudi Melbourne kwa mume wake asiyesema. Kopo alituachia. Melenaite alilichukua akaliweka chini liuzuie mlango wa jikoni usijifunge kwa upepo, na kila akipita alilipiga teke dogo. Miezi ile nilimwona mtu mwenye raha. Alimwigiza Glenys, akamwigiza mchungaji, akamwigiza Lesieli na kipepeo chake, sauti ya chini na mlango umefungwa, maana raha nayo ina mipaka yake.

Mwezi wa pili zabibu zikaiva, na zabibu hazimsubiri mzazi. Melenaite alitakiwa bandani. Glenys akamwambia asiogope, ataleta mashine ya kukamua maziwa. Siku aliyoileta ndiyo siku aliyokuwepo Lesieli, amekuja kwenye sherehe ya kanisa, yuko kwenye kochi lilelile.

Glenys akaitoa mashine, akaonyesha inavyovaliwa, inavyooshwa. Akaeleza kwamba maziwa yakikamuliwa yakatiwa kwenye vifuko na kugandishwa, hukaa miezi. Mama anaenda kazini, mtoto anakunywa maziwa ya mama yake kama kawaida, na mtu yeyote anaweza kumlisha. Hapo akainua uso akamtabasamia Lesieli. Maskini, aliona anampa mama mtu mzima heshima yake. "Hata wewe shangazi mtu unaweza," alisema.

Lesieli akaweka kipepeo chini.

"Na kwenye boksi la barafu?" aliuliza, kwa adabu zote. "Safari ya kutwa nzima, yatafika salama?"

Nilimkatiza nikamwuliza Glenys kama atapenda chai. Akasema asante, baadaye kidogo. Akamgeukia Lesieli akamjibu kwa furaha, maana swali lilikuwa zuri: yatafika salama kabisa. Nilimtazama Melenaite. Alikuwa amemkumbatia mtoto na uso umemkauka. Angesema nini? Kwetu mke wa kaka hamkatizi wifi yake, wala hamwambii mgeni funga mdomo mbele yake. Glenys akanywa chai yake, akabusu mtoto kichwani, akaenda zake, amefurahi.

Jumapili baada ya ibada Lesieli alisimama mlangoni kwa kaka yake. Hakumtazama, hawatazamani. Alisema mtoto atakuwa bado anakunywa maziwa ya mama yake, kwa hiyo hakuna mpaka uliovunjwa, na atampeleka Melbourne akalelewe vizuri. Feleti alikuwa nje, ameinamia tairi la gari ambalo halikuwa na ubaya wowote. Akajibu, "Ndiyo, dada." Basi. Mwanaume mzima, mabega kama kabati, maneno yake yalikuwa hayo.

Nilimwambia. Nilimwambia hata jogoo hutetea vifaranga vyake. Sijui kama ni kweli, lakini nilimwambia. Mume wangu akanivuta mkono akaniambia nisituletee aibu. Melenaite alimvisha mtoto mwenyewe, akamnyonyesha kwa mara ya mwisho chumbani, akatoka naye. Angekataa, angekuwa ametemea mate nyumba nzima ya mumewe mbele ya Watonga wote wa mto Murray, na hapo angerudi Vava'u bila mume na bila mtoto. Alijua hesabu hiyo kuliko mimi.

Akaanza kukamua. Mchana wakati wa chakula sisi tulikaa kivulini, yeye alikaa ndani ya gari, kaning'iniza taulo dirishani, joto la kuoka mkate, na mashine inalia. Kila kifuko alikiandika tarehe kwa kalamu ya wino mnene, akakilaza bapa kwenye friza kigande vizuri. Gari lolote la jamaa lililokwenda Melbourne liliondoka na boksi lake la barafu. Msimamizi hakuigizwa tena. Nilimwambia apumzike, anajimaliza. Akaniambia, "Dada, anavyonenepa kule, ananenepa kwa hiki. Bado namlisha mimi." Na kila alipopiga simu Lesieli alimwambia anakunywa vizuri, anayamaliza yote, ongeza. Naye aliongeza.

Siku moja Glenys alimkuta kliniki akamwuliza mtoto yuko wapi. Akajibiwa yuko kwa shangazi yake. Glenys akasema heri ninyi wenye jamaa wa kusaidia, yeye wanawe aliwalea peke yake hana wa kumshikia hata dakika. Melenaite akasema ndiyo, heri sisi.

Mwezi wa tano, Jumapili ya watoto, tulikwenda Melbourne wote. Toakase alikuwa amevaa gauni jeupe, mnene, mzuri. Mama yake aliponyoosha mikono, mtoto alificha uso shingoni kwa Lesieli akalia. Melenaite alilimeza hilo. Alisema ni mtoto, atazoea mpaka jioni. Ndani ya gari njia nzima alikuwa hajakamua, amejihifadhi, kwa tamaa kwamba labda atamweka titini mara moja, faragha. Nguo ilikuwa imemlowa kifuani.

Nyumba ilijaa wageni, na wake wa makaka kazi yetu ni jikoni. Lesieli akatuagiza tukatoe kuku kwenye friza la gereji. Tukaenda. Melenaite akainua kuku, akainua vifurushi vya majani ya magimbi, akasimama.

Chini yake vilikuwa vifuko vyake. Vyote. Vimelala bapa vile alivyovilaza, mwandiko wake juu, tangu vile vya kwanza vya mwezi wa pili. Hakuna hata kimoja kilichofunguliwa. Na kwenye rafu ukutani makopo ya maziwa, ya aina ileile tuliyozuilia mlango.

Lesieli alikuja kuona tumechelewea nini. Hakuona haya hata chembe. Alisema akimpa yale mtoto alikuwa analia anamtafuta mtu, ya kopo anatulia. "Kuyamwaga ni dhambi, nikayaweka," alisema. "Mkiondoka myachukue, nahitaji nafasi."

Mimi mwenye mdomo nilitafuta neno nikakosa. Melenaite alisema, "Asante, wifi." Akabeba kuku akaenda nao jikoni, akawakata, akawakaanga, akawapakulia watu. Toakase alilala mapema kwenye chumba cha Lesieli, na mlango ulifungwa.

Tulirudi Mildura na boksi miguuni mwake. Alfajiri nilimwona kupitia dirisha, amesimama kwenye sinki, anafungua kifuko kimoja kimoja. Feleti alikuwa mlangoni, amesimama tu. Melenaite hakugeuka.

Mashine aliiosha, akaikausha, akaifunga kwenye mfuko wake. Nikampeleka kwa Glenys kuirudisha. Glenys alifurahi kumwona. Alisema ni wachache wanaofanya kazi huku wakakamua muda mrefu hivyo, yeye ni mfano, na angependa aje kliniki azungumze na akina mama wachanga wa Kitonga, awaambie aliwezaje.

Melenaite alimpa mashine mikononi. "Mama, ulinifundisha vizuri," alisema. "Na hao wafundishe kumpakata mtoto tu. Hii usiwape. Kabla hujanipa hii nilikuwa na mtoto."

Glenys akanigeukia mimi nimweleze. Melenaite alikuwa ameshaingia garini, anafunga mkanda.