Siku Mzee Hakuitika Marahaba

Mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha Mzee kuitika marahaba, kwa hiyo lawama yote inaanzia kwangu.

Wiki ya kwanza nilipoanza kumhudumia nyumbani kwake, kule Mansfield, Texas, nilimwambia kwamba kwetu mtu mzima hasalimiwi juu juu tu asubuhi halafu ukapita zako. Mimi ni Mrundi niliyelelewa kambini Kigoma, shikamoo nimeikuta mdomoni kabla ya meno. Mzee alikuwa Mjerumani wa miaka themanini na moja, mwimbaji wa opera aliyestaafu, mjane. Alinisikiliza vizuri kama mwanafunzi, kisha akaitika. Ile sauti ilitoka tumboni, vikombe vikatikisika kabatini. Nilicheka mpaka nikakaa. Tangu hapo ikawa ndiyo kazi yetu ya kwanza kila siku: shikamoo, marahaba, halafu vidonge, halafu chai.

Kabla ya hapo nilikuwa kwenye ghala moja huko Mesquite, nabandika lebo kwenye maboksi kutwa nzima bila kusema na mtu. Kwa mtu mwenye mdomo kama wangu, ile ilikuwa jela. Kwa Mzee niliongea mpaka nikashiba, naye akanishinda kwa kuongea. Nikimkanda miguu, ananisimulia maisha yake. Baba yake alikuwa mwoka mikate katika mji mdogo, na yeye alipeleka mikate kwa baiskeli huku anaimba, mpaka mwalimu wa kwaya akamsimamisha njiani. Akaja kuajiriwa kwenye jumba la opera la mkoani, leo anaigiza mfalme, kesho mlinzi wa mlango, kwa mshahara uleule.

Sauti yake ilikuwa baritoni, ile ya kati, chini ya sauti ya tena na juu ya besi. "Mwenye tena ndiye anayeoa," aliniambia. "Baritoni ni baba mkwe, au ni shetani, au anachomwa kisu watu hawajamaliza kuketi." Miaka thelathini alichomwa visu Ulaya nzima. Halafu akaitwa Houston kuimba mchezo mmoja tu, na mwanamke wa Texas aliyekuwa akimpunguzia suruali ya jukwaani akamwambia asimame wima. Akasimama, na hakurudi tena kwao. Huyo ndiye akawa mkewe.

Mwaka 2018, wanafunzi wake wa zamani walikodi ukumbi wa kanisa Fort Worth ili wamwimbie Jumamosi moja saa kumi alasiri. Mwishoni yeye angeimba wimbo mmoja, ule ambao marehemu mkewe aliupenda. Lakini binti yake, aliyekuwa akiishi Houston, alikuwa na wasiwasi. Mzee alishaanguka bafuni mara mbili na kupelekwa hospitali mara zote mbili. Binti akasema wazi, mbele yangu: akipelekwa tena mara moja tu, nyumba inafungwa na Mzee anahamia kwenye makao ya wazee karibu naye. Mzee hakubisha. Alinitazama tu, na mimi nikajua anaitaka nyumba yake kuliko hata dawa.

Jumamosi ikafika. Niliingia mapema nimpigie suti pasi. Nikamkuta mezani, shingo imefungwa skafu ya sufu, na huku ni joto la Texas. "Shikamoo Mzee."

Akaikaza ile skafu.

Nikarudia. Akanitazama, akafumba mdomo. Jamani, miezi kumi mtu anakuitikia kila siku, leo hasemi. Kwetu mtu mzima asipokuitikia, ama umemkosea sana, ama ana jambo kubwa mwilini. Nilijipekua haraka, sikuona kosa. Nikamwambia anyanyue mikono, maana ndivyo tulivyofundishwa kazini kukagua kiharusi: uso, mkono, maneno. Akausukuma mkono wangu. Akachukua kalamu akaandika kwa Kijerumani nisichokijua, herufi zimepinda, kwa sababu mkono wake ulikuwa wa kutetemeka siku zote. Mimi nikaona huo ndio ushahidi wa mwisho. Nikasema Mama Maria, kiharusi hiki. Nikapiga simu ya dharura.

Alipelekwa akiwa ameninunia, hajatoa hata mguno. Hospitalini akaomba karatasi, safari hii akaandika kwa Kiingereza: "Leo naimba. Siku ya kuimba sisemi neno mpaka nipande jukwaani. Nusu karne sasa." Muuguzi akasoma, akamtazama yule mzee katika gauni la wagonjwa, akamwonea huruma. Mimi nilitamani sakafu inimeze. Kumbe nyumbani kwake hilo halikuwa la kuelezwa, mkewe ndiye aliyepokea simu na kuwafukuza wageni siku hizo. Mimi nilikuwa sijamwona akijiandaa kuimba hata siku moja.

Binti alifika saa saba na nusu, ameendesha gari saa nne kutoka Houston. Mila ya baba yake aliijua tangu utotoni. Lakini daktari alisema vipimo ni safi, ila hawezi kumruhusu bila kumsikia akisema sentensi moja. Na Mzee hasemi. Binti akachoka. Akatoa simu awapigie wale wa makao, akaniambia bila ukali, na hilo ndilo lililoniuma, kwamba ninampenda baba yake ila simwelewi, na kampuni iliyoniajiri itanitafutia nyumba nyingine ya kuhudumia.

Nikainama mbele ya kitanda kama ninavyomwinamia mama yangu. "Shikamoo Mzee. Nisamehe."

Akaitazama saa ya ukutani. Akanitazama mimi. Kisha akaifungua ile skafu polepole, kama mtu anayevua kofia.

"Marahaba."

Wodi nzima iligeuka. "Huyu haondoki," akamwambia binti yake. "Na mimi siondoki. Daktari, hizo ni sentensi mbili. Nipe suruali yangu."

Binti akairudisha simu mkobani. Nililia pale pale, sikujificha. Nusu karne hajaivunja mila hiyo kwa mfalme wala kwa rais, akaivunja kwa ajili yangu. Ukumbini alisimama na kikuku cha jina cha hospitali bado mkononi. Noti ya juu ilikwaruza, binti yake akanishika mkono akaubana. Njiani kurudi nyumbani Mzee akaniambia, "Ile noti imeliwa na marahaba yako." Mwaka mzima alinitania kwa hilo. Namshukuru Mungu kwa kila siku aliyonitania.

Alikaa nyumbani kwake mpaka mwanzoni mwa 2020, kabla watu hawajaanza kuvaa barakoa. Asubuhi hiyo niliingia kama kawaida, nikafungua pazia, nikamwamkia. Hakuitika. Nilimgusa mkono, nikajua.

Simu ilikuwa mfukoni. Nikaiacha kwanza. Nilivuta kiti, nikakaa naye kimya, mimi na mdomo wangu huu, mpaka jua likafika kitandani. Ndipo nikampigia binti yake.