Jamvi Chini ya Landrova

Siku yangu ya kwanza kazini kama mkaguzi, mwanzoni mwa miaka ya tisini, niliingia yadi ya mnada wa magari Shimanzi, Mombasa, nimevaa ovaroli iliyopigwa pasi, stashahada ya umakanika kutoka Uingereza mfukoni na jamvi kwapani. Madalali walicheka. Mmoja akauliza kama nimekuja kuswali au kufanya kazi. Nikalitandika chini ya landrova iliyokuwa karibu, nikaingia mvunguni. Wakaguzi wengine hawakufanya hivyo. Walilizunguka gari, wakapiga tairi teke, wakasifu rangi.

Stashahada hiyo sikupewa na mjomba. Niliipata kwa kuosha magari ya watu kwenye baridi huku nikisoma. Kwa hiyo ninapokueleza namna ya kupima landrova ya kale iliyofufuliwa, sikiliza. Bodi yake ni alumini, haishiki kutu. Chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, ndiyo inayoliwa na chumvi ya hapa kwetu. Basi anza na nyundo ndogo. Chuma kizima hulia kama kengele. Kilichooza hulia kama boksi.

Meneja wa Mnada, bwana wa Kizingo, mtaa wa wenye nazo, asiyekosa manukato, alileta landrova ya kijani iliyong'aa kama sahani ya harusi. Niliipa daraja la tatu, la chini kabisa. Chesisi ilizibwa kwa matambara na pati, ile lipu ya kuzibia mabati, juu ikapakwa lami mbichi. Asubuhi ya mnada nikakuta kiooni kibandiko cha daraja la kwanza, na jina langu chini yake. Nilichemka. Nikamfuata ofisini.

"Bwana Stashahada," alisema bila kuinua kichwa, "hapa tunauza magari, hatuyatibu."

Nikamwambia jina lile ni langu. Akauliza hapa Mombasa nani analijua.

Aliyeitaka landrova ile ni Mzee Karisa, mstaafu wa bandarini, ili abebee wanafunzi na wajawazito kwenye vilima vya kwao Kaloleni. Alikuwa keshapandisha bei mara mbili. Nikatandika jamvi mbele ya watu wote, nikampa nyundo.

"Shikamoo, mzee wangu. Usiniamini mimi. Ingia, piga hapo nyuma ya gurudumu."

"Marahaba. Na kanzu yangu hii?"

"Kanzu itafuliwa."

Akaingia. Tukasikia pigo moja tu. Alipotoka, mikono ilikuwa mitupu. Nyundo ilikuwa imezama ndani ya chesisi, na pembeni yake kipande cha leso kuukuu kinaning'inia.

"Hii ni gari," aliuliza taratibu, "au mto wa kulalia?"

Yadi nzima ilicheka isipokuwa meneja. Jioni ile nilifukuzwa. Nikafungua ofisi yangu mwenyewe ya ukaguzi papa hapa mjini, karibu na Buxton, na mteja wangu wa kwanza akawa Mzee Karisa. Landrova niliyomchagulia ilipanda vilima vile hadi alipochoka yeye mwenyewe kuiendesha.

Leo nimestaafu, na vijana wananiletea picha kwenye simu, wakitaka nilipangie gari daraja nikiwa kitini. Muuzaji kapiga picha taa, viti, hata kitasa cha mlango, chini hakupiga. Inaniudhi vilevile kama siku ile. Jamvi langu bado ninalo, na mnunuzi yeyote akibisha hodi namwazima. Muuzaji hajaja kuliazima hata mmoja.