Chausiku alivyofunga pampu, Mzee Richard akarudi majini

Saa moja kasoro asubuhi, mtaa wa Kilole mjini Korogwe, Chausiku Sadala amepiga magoti mbele ya kibanda kisichozidi banda la kuku. Ameweka kiganja juu ya pampu, kama mama anayempima mtoto homa. Pampu inanguruma kwa sauti ya chini, maji yanapita, na hakuna hata tone linalodondoka kwenye maungio.

"Ikiwa na shida huwa inatetemeka," anasema, akijifuta mkono kwenye kanga. "Leo imetulia. Jua likipanda kidogo utaona yenyewe inapeleka maji juu."

Juu ni kwenye bati la nyumba, ambako mabomba meusi ya plastiki yamelazwa kwa safu. Maji ya bwawa la kuogelea hupanda humo, hupashwa na jua, kisha hurudi bwawani yakiwa vuguvugu. Anayeamua yapande saa ngapi ni kisanduku cheupe kilichofungwa ukutani. Pampu na kisanduku hicho ni vipya, vilifungwa mwishoni mwa Juni mwaka huu, na aliyevifunga hajawahi kukanyaga chuo chochote cha ufundi.

Chausiku, mwenye umri wa miaka 43, ni mzaliwa wa Kwaluguru wilayani Handeni. Alimaliza darasa la saba, akalima mahindi, akaolewa, akafiwa na mume. Miaka saba iliyopita alikuja Korogwe kufanya kazi za ndani kwa Mzee Richard Hiza, mhandisi mstaafu wa barabara. Analipwa Sh180,000 kwa mwezi, na ndizo zinazomsomesha binti yake, Shamimu, aliye sekondari.

"Nilipoonyeshwa bwawa nikauliza, haya maji yote wanakunywa ng'ombe gani?" anakumbuka huku akicheka. "Kwetu kiangazi unatoka alfajiri kufuata ndoo moja. Hapa yamejaa, na hayanywewi!"

Mwaka juzi Mzee Richard alipata kiharusi, mguu wa kulia ukalegea. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akashauri awe anatembea ndani ya maji ya vuguvugu kila siku. Ushauri ule ulimfaa. Taratibu akaachana na kiti cha magurudumu, akashika mkongojo.

Mei mwaka huu umeme ukakatika na kurudi kwa kishindo, kisanduku cha zamani kikaungua. Pampu nayo, iliyokuwa ikivuja siku nyingi, ikakata roho wiki hiyohiyo. Ikaja Juni na baridi yake kutoka milima ya Usambara, maji yakashuka hadi nyuzi 23. Mzee aliingia mara moja tu. Mguu ukakakamaa, akatolewa akilia kwa maumivu, na hakutaka tena kuyasogelea. Wiki mbili baadaye hata mkongojo ulimshinda.

Binti yake, Serafina, anayeishi Dar es Salaam, akatoa kauli: ikifika mwisho wa Julai baba hajarudi kwenye mazoezi, anamhamishia kwake, ghorofa ya tatu.

"Kule ningekuwa mtu wa kubebwa," anasema Mzee Richard, polepole, maana ulimi nao bado mzito. "Nilijua nikitoka hapa, basi, sitatembea tena."

Serafina alinunua pampu na kisanduku kipya, akavituma kwa basi. Fundi aliyetegemewa akasema nafasi yake ni Agosti. Hapo ndipo Chausiku aliposhika simu.

"Dada Serafina, nitaifunga mimi."

"Wewe, dada Chausiku? Hilo si jiko la mkaa!"

"Najua si jiko. Miaka saba nalisafisha hili bwawa, kila bomba nalijua linakotoka na linakokwenda. Nipe siku nne."

Kabla ya kukata chochote, alichukua kipande cha mkaa akachora mabomba yote kwenye ukuta wa kibanda, kila moja na mshale wake. Akazima swichi kubwa ya nyumba na kubandika karatasi: ASIWASHE MTU. Mzee aliketi pembeni na miwani yake, akisoma maelezo ya Kiingereza na kumfasiria sentensi baada ya sentensi. Mmoja akawa macho, mwingine akawa mikono.

Waya za umeme hakutaka ubabe nazo. Alimwita Mustapha, muuza vifaa vya umeme wa Masuguru, azikague kabla ya kuwasha.

"Kuuliza si ujinga, na umeme hauna undugu," anasema Chausiku.

Mustapha anakiri alikuja akijua atafumua kila kitu. "Nilikaza skrubu moja tu," anasema. "Zingine zote zilikuwa sawa. Nikamwambia, mama, wewe unataka kutunyang'anya ugali."

Siku ya nne pampu ikawaka. Ile ya zamani ilijua kukimbia tu, hii inakwenda polepole au haraka kadiri inavyopangwa. Nyumba nzima ilishangilia. Lakini siku zikapita tatu, kipimo bwawani kikabaki nyuzi 23. Hata jua la saa saba likiwaka kisawasawa, kisanduku kiligoma kupeleka maji juu.

"Nilijifungia jikoni nikalia," anasema Chausiku. "Nimempa mzee wa watu matumaini, halafu namkatisha tamaa mara ya pili."

Mzee Richard akamwita.

"Mama Shamimu, kile kipima joto cha kwenye paa ulikiwekaje?"

"Vizuri tu, Mzee. Nimekifunika na kipande cha ndoo kisiungue jua."

Mzee alicheka hadi miwani ikaanguka. Kwaluguru kitu cha thamani hakiachwi juani: mtungi wa maji, mbegu, mtoto mchanga, vyote hutafutiwa kivuli. Chausiku naye alikionea huruma kile kidude akakijengea kibanda, kumbe kazi yake ni kuota jua na kukijulisha kisanduku kwamba juu kumeshika moto. Muda wote huo kisanduku kiliamini Korogwe haina jua.

"Aibu niliyoiona!" anasema, akijiziba uso kwa kanga.

Alipanda ngazi akaking'oa kile kipande cha ndoo. Hata hajaanza kushuka, koki ya umeme inayoelekeza maji juu ikageuka, akasikia maji yakikimbia ndani ya mabomba pembeni ya miguu yake. Jioni ile kipimo kilisoma nyuzi 25. Siku ya sita kilisoma 30.

Mzee Richard alirudi majini akishikwa na mtaalamu wake. Siku ya kwanza alipiga hatua sita. Kufikia Jumamosi ya mwisho wa Julai, Serafina alipofika na gari kumchukua, baba yake alimfuata getini kwa miguu yake, mkongojo mkononi.

"Alinisalimia kwanza, ndipo akaniambia mzigo niliofuata haupo," anasema Serafina kwa simu. "Nilimkumbatia dada Chausiku hapohapo getini."

Siku hizi Kilole wanamwita fundi, na mwenye nyumba moja ya wageni ameshamtumia salamu aende akamtazamie pampu yake. Atakwenda, lakini ana jambo lake la kutimiza kwanza. Miaka yote saba ameyasafisha maji yale, ameyapima, sasa ameyapasha moto, na hajawahi kuingia humo. Anayaogopa. Mwezi huu amepeleka kitambaa kwa fundi cherehani ashonewe vazi refu la mikono mirefu.

"Mwezi ujao naingia," anasema. "Mzee amesema atasimama katikati anishike mikono yote miwili, ni kama baba yangu. Nikamuuliza, na mkongojo je, Mzee? Akasema, 'Nitauacha ukingoni.'"