Fundi Cherehani Kwenye Kiti cha Piano

Mdogo wangu ni fundi cherehani, na mtaa mzima humwita Fundi, hata mimi niliyezaliwa naye tumbo moja. Mletee picha ya gauni uliyoikata gazetini, atakushonea gauni lilelile, mpaka kifungo kilichokaa upande. Ila kuongea, jamani! Ukimsalimia Fundi, anayekujibu ni mimi. Wateja wameshazoea: wanamtazama yeye, wananiuliza mimi.

Basi mwanamke huyu, mvi zimeshamwingia, akaniambia jioni moja huku akikunja vitambaa, "Dada, nataka kupiga piano ya jazi."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Yeye akaendelea kukunja.

Chanzo kilikuwa sare za wahudumu wa hoteli iliyo mwisho wa barabara yetu. Alizipeleka mwenyewe, na ukumbini akaikuta bendi ikifanya mazoezi. Tangu usichana alikuwa akiipigia kwaya kinanda, lakini siku ile kinanda kikamtoka moyoni. Kiongozi wa bendi, Mzee wa Besi, akawa anamwachia piano kila mazoezi yanapokwisha. Kisha mpiga piano wao akahama mji.

"Njoo Ijumaa mchana," Mzee akamwambia. "Ukiiweza zamu yako, kiti ni chako. Ukishindwa, kuna mwingine anakitaka."

Fundi ndiye aliyenieleza hiyo zamu ni nini. Bendi hupiga wimbo pamoja, halafu kila mmoja huachiwa nafasi abuni chake papo hapo, bila kuandikiwa.

"Nakitaka kile kiti, Dada," akasema. Sikukumbuka ni lini aliwahi kuniambia anataka kitu. Hapo sikucheka.

Akafanya anachokijua. Akatoa santuri ya marehemu baba yenye wimbo ambao bendi ingeupiga Ijumaa, akaisikiliza zamu ya mpiga piano wa humo, akainakili kwenye kinanda chake noti kwa noti. Nyumba ikajaa wimbo huo mmoja. Hata mimi nikawa nauimba nikiosha vyombo, na mimi jazi siijui wala hainijui.

Ijumaa nilimsindikiza. Nani angemsemea? Zamu yake ilipofika, alipiga, wewe! Nikawatazama wale wanaume kwa jicho la mnamwona mdogo wangu? Mara, katikati, akaruka kipande cha wimbo. Ngoma zikabaki nyuma, besi ikapotea njia, mpiga tarumbeta akabaki mdomo wazi.

Mzee wa Besi akazishika nyuzi zikanyamaza. "Fundi, santuri yenu ina mkwaruzo?"

"Inao," nikajibu. "Huwa inaruka hapohapo."

"Basi ameupiga na mkwaruzo wenyewe!"

Walicheka mpaka wakatoa machozi. Nilitamani kumrarua mtu. Fundi aliinama kama anayetafuta sindano sakafuni.

"Umenakili vizuri mno," Mzee akasema, kicheko kimemwisha. "Lakini yule wa kwenye santuri tunamjua. Wewe bado sijakusikia. Turudie mara moja, halafu basi."

"Mpeni wiki ajiandae," nikadakia.

"Hili haliandaliwi, mama."

Wakaanza upya. Zamu yake ikafika, na mikono yake ikabaki mapajani. Ngoma na besi ziliendelea taratibu, zikimngoja. Nilijua kiti ndicho hicho kinakwenda. Kisha akabonyeza noti moja, akaiacha ilie mpaka ikaisha. Akaibonyeza tena na jirani yake. Alikuwa anauliza kitu, anajijibu, anabisha, anatania. Mahali fulani alikosea, akalirudia kosa lile mpaka likakaa. Kwa uzuri, ya santuri iliishinda. Lakini hii sikuwahi kuisikia popote, na mtu huyu nimekaa naye tangu azaliwe. Machozi yalinitoka, nikayaacha.

Wimbo ulipokwisha, Mzee akajifuta jasho. "Kazi ni kila Ijumaa na Jumamosi. Utaweza, na hiyo cherehani yako?"

"Ataweza," nikasema. "Ila Jumamosi wateja ni wengi, kwa hiyo tutapanga..."

"Dada." Fundi hakugeuka, wala hakupandisha sauti. "Nimeulizwa mimi."

Nikafumba mdomo. Ukumbi mzima ukamsubiri, nami nikasubiri pamoja nao, sijui atasema nini.