Shangazi Alifuta Alama za Mrashi wa Bibi

Sijawahi kumwambia mtu yeyote kwamba namchukia shangazi yangu. Naandika leo kwa mara ya kwanza. Admin, tafadhali nifichie jina, maana ukurasa huu hata binamu zangu wanausoma.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, bado niko shule. Sisi ni watu wa Mombasa, tunaishi Small Heath hapa Birmingham, na Bibi mzaa baba tunaishi naye. Mimi si mwongeaji. Kwenye hafla huwa nakaa jikoni na kitabu. Tangu mwaka jana nimependa kusoma kuhusu alama zinazogongwa kwenye vijiko na vyombo vya fedha. Ukizijua, chombo chenyewe kinakwambia kimetoka wapi. Simba anayetembea maana yake ni fedha halisi. Nanga maana yake kimepimwa Birmingham, ingawa mji huu hauna bahari. Halafu kuna herufi, na kila herufi ina mwaka wake.

Bibi ana mrashi wa fedha, ule wa kunyunyizia wageni marashi harusini. Aliachiwa na mama yake, marehemu Mwanakombo. Siku moja niliugeuza, nikaziona chini yake: simba, nanga, herufi. Ulitengenezwa mji huuhuu ninaoishi! Na ile herufi inaangukia miaka ya ujana wa Mwanakombo. Nilipomwambia Bibi alicheka mpaka akafuta machozi, akanisimulia. Mama yake aliachwa na mume akiwa na mtoto mchanga. Akashona kofia za viua, zile za kudarizi kwa mkono, akaziuza, akaenda duka la Mhindi akanunua mrashi mpya. "Ili siku ya harusi yangu mimi," Bibi akasema, "wageni wasinyunyiziwe kwa mrashi wa kuazima."

Sasa dada yangu anaolewa. Wakwe walipokuja kwa mazungumzo, Shangazi, ambaye ni binti wa Bibi mwenyewe, aliutoa mrashi mezani akaanza: "Huu mnaouona ulitoka Maskati na mababu zetu. Una zaidi ya miaka mia mbili." Bibi alikuwa chumbani akisali, hakusikia. Mama mkwe wa dada akaugeuza. "Mashallah. Na hivi vialama ni vya nini?"

Dada, kwa utani tu, akasema, "Muulizeni profesa wetu wa vijiko."

Watu wote wakanitazama. Wallahi sikukusudia ubaya. Mtu akiniuliza kitu ninachokijua, nakijibu. Nikaeleza simba, nikaeleza nanga, nikaeleza herufi. Yule mama akaangua kicheko. "Kumbe Maskati yenyewe mnaifikia kwa basi!" Wakacheka wote, hata Baba. Shangazi alicheka pia, lakini mkono wake chini ya meza ulinifinya paja mpaka likawa jeusi.

Wageni walipoondoka alinifuata jikoni. "Umenivua nguo mbele ya watu. Unajua wale ni ukoo gani?"

"Lakini Shangazi, Mwanakombo aliununua kwa kofia zake."

"Ndiyo nikawaambie hayo? Kwamba bibi yangu alikuwa fundi kofia aliyeachwa? Kufuli lako hilo la mdomo, kwa nini leo limefunguka?"

Akaomba kwa Bibi auchukue mrashi ukang'arishwe kwa ajili ya harusi. Bibi akampa. Uliporudi ulikuwa unameremeta kama kioo. Nikaugeuza. Chini palikuwa laini, pamebonyea kidogo. Hakuna simba, hakuna nanga, hakuna herufi. Nikamuuliza Shangazi, akanijibu huku anajitazama kwenye simu: "Nilimwambia fundi asugue mpaka uchafu wote utoke."

Uchafu! Jasho la bibi yako ndilo uchafu? Mwanamke ameinama juu ya kofia za watu miaka, mjukuu wake anakuja kumsugua kwa mashine ili apate Maskati ya uongo! Nimeshindwa kulala, nimeshindwa kusoma, na mitihani iko karibu. Nikimwona anaingia na mahanjumati yake, "wanangu, wanangu," natamani kupiga kelele.

Nilimwambia Bibi. Alipitisha kidole gumba pale chini, akapitisha tena. Macho yake hayaoni vizuri, lakini alama zile alikuwa anazijua kwa kidole. Akauliza polepole, "Kwani mimi nimeshakufa?" Sasa anasema siku ya harusi atasimama mbele ya wakwe wote ataje mama yake alikuwa nani.

Dada analia. "Mnyamazishe Bibi, anakusikiliza wewe. Wakiniacha kwa ajili ya mrashi, utafurahi?" Mimi nampenda dada yangu. Na ni mimi, msichana mdogo wa nyumba, ninayetakiwa kusimama mlangoni niwanyunyizie wageni wakati Shangazi anahadithia Maskati yake. Enyi mliowahi kukaa katikati ya watu wawili mnaowapenda, niambieni: nimzuie Bibi, au nimwache aseme?

Lakini hata kabla ya kuwaandikia sikukaa tu. Jana baada ya shule niliingia kwa Bibi, nikafunga mlango. Nilimweleza kwamba alama za kweli haziwezi kurudishwa kwa mkono, na mimi sitagonga za uongo. Akasema, "Basi andika jina." Nikatoa bikari, ile ya kuchorea duara, kwenye kifuko changu cha hesabu, nikakwaruza pale palipobonyea: MWANAKOMBO. Herufi zimeenda upande, O ya mwisho haikutosha vizuri. Bibi akapapasa, herufi moja moja, mpaka mwisho. Kisha akanipa chupa ya marashi, nikaujaza mrashi, nikauweka kando ya kitanda chake, ungoje siku ya harusi.