Shati la Jastin Mlangoni

Kornelio alianza na mlima. Aliteremsha bluu nyepesi juu ya karatasi iliyolowa, ikafifia ilipokaribia paa la nyumba ya dada yake Costancia, naye akauinua ubao wa kuchorea ili maji yasituame pembeni.

Nyumba yenyewe ilikuwa ng'ambo ya korongo, ukuta wake wa chokaa umepasuka kuanzia dirishani hadi chini. Mvua za mwezi uliopita ziliporomosha kilima, udongo ukamfukia Jastin, kitinda mimba wa Costancia, pale uani, akiwa ndiyo kwanza ametoka shule. Sasa watu wote wa mteremko ule walitakiwa kuhama Vidunda. Gari la kwenda Mikumi lilikwishapakia magodoro.

"Uniwekee Jastin mlangoni," Costancia alikuwa amemwomba. "Na shati lake la shule." Picha zake zote zilipotelea udongoni pamoja na simu.

Kornelio hakuwa na rangi nyeupe. Katika rangi za maji weupe ni karatasi yenyewe, ukijua kuiacha. Aliuacha ukuta, na katikati ya mlango akaacha mahali padogo kama punje ya mchele. Hilo ndilo shati. Lakini ukungu ulitanda, na hakuna kilichokauka.

Honi ikalia.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Yared, dereva, akichungulia. "Mlima huu hausubiri rangi zako."

"Marahaba. Kidogo tu."

"Miaka yote ulichapa watoto wa watu kwa kukosa subira," Costancia alisema nyuma yake. "Leo na wewe ngoja ikauke."

Hakungoja. Aliugusa mteremko kwa rangi ya udongo. Maji yakaipokea, yakaitembeza asikotaka, ikavuka kizingiti na kulimeza shati. Akakandamiza kitambaa. Doa likabaki. Akachukua wembe wa kuchongea penseli, akakwangua taratibu, akiutafuta weupe chini yake. Karatasi mbichi ikavimba, ikachanika. Mlangoni pakawa na tundu.

Karatasi nyingine hakuwa nayo.

"Dada," alisema bila kugeuka, "nitachora nyingine huko tuendako. Kwa kukumbuka."

Costancia aliinyanyua picha kwa ncha zake. Ndani ya tundu ulionekana udongo mwekundu wa ng'ambo.

"Acha hivi hivi," alisema. "Ndivyo nilivyoukuta mlango siku ile."

Akaifunika kwa kanga, ingali mbichi, akaenda kupanda gari.